Tarehe ya chanjo ya pili ya surua ikipita

Dada, umeuliza kama kuna haja ya kumrudisha mtoto kliniki kwa sindano ya pili ya surua, maana tarehe imepita na anaonekana mzima. Mpeleke, tafadhali. Haanzi upya, muuguzi ataangalia kadi na kuendelea pale mlipoishia. Dozi moja haitoshi kwa kila mtoto: wanaochanjwa wakiwa na miezi 9, takriban 85 kati ya 100 ndio hupata kinga, na dozi ya pili huwakinga wengi wa waliobaki. Na surua haina huruma, virusi vyake huweza kubaki hewani chumbani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka.

Mafua madogo si sababu ya kuahirisha.

Hata siku isiyo na sindano, apimwe uzito. Mtoto anaweza kucheza vizuri huku mstari wa ukuaji kwenye kadi umelala miezi miwili, na wewe unayemwona kila siku si rahisi kugundua kwa macho. Usiogope kuulizwa kwa nini umechelewa. Nenda na kadi yake, hata kama imechakaa.