Maswali na majibu: kiungulia, magadi, na dawa zinazolipiwa na bima

Barua nyingi zilizonifikia mwezi huu kutoka Moshi na Arusha zinahusu kiungulia. Nimechagua sita, na ninazijibu nikiwa mfamasia ambaye kila siku yuko dirishani akiwauzia watu dawa hizi.

Baba yangu ana miaka 63. Kila anapokula ndizi za nyama hushikwa na kiungulia, kisha hulamba magadi au huyakoroga kwenye nusu glasi ya maji. Anasema ndiyo dawa ya tangu enzi za babu. Je, yanaweza kumdhuru? (Kiboriloni, Moshi)

Kwanza nimtendee haki mzee: magadi yanatuliza kweli. Mwisho wa umio, yaani njia ya chakula itokayo kooni hadi tumboni, kuna kilango cha misuli ambacho kikilegea wakati usiofaa huiruhusu tindikali ya tumbo kupanda juu. Tumbo limefunikwa na ute mzito unaolikinga; umio hauna kinga ya namna hiyo, na ndiyo sababu tindikali isiyoliumiza tumbo huchoma kifuani. Magadi yana asili ya alkali, na alkali huvunja makali ya tindikali papo hapo.

Madhara yake hayaonekani siku hiyo hiyo. Mwaka jana mzee mmoja alisimama mbele ya kaunta yetu, akatoa kwenye mfuko wa koti karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, na ndani yake mlikuwa na bonge la magadi ya kijivu. Akaniambia hilo ni la mchana, la usiku ameliacha nyumbani. Soksi zilikuwa zimemwachia mifereji kwenye miguu iliyovimba, na nilipompima presha nilikuta 180 kwa 110, ingawa alikuwa akinywa dawa zake za presha bila kukosa. Magadi yamejaa sodiamu, kama ilivyo chumvi ya mezani, na sodiamu hupandisha presha na kuzuia maji mwilini. Zaidi ya hayo, magadi ya kanda yetu ya kaskazini huwa na floraidi, madini yale yale yanayoacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto wengi wa pande za Meru na Kilimanjaro, na yakizidi kwa miaka mingi hudhuru hata mifupa. Kuweka kidogo kwenye chungu cha maharage ni jambo moja; kuyalamba kila siku kama dawa ni jambo jingine, na hilo ninakuomba umwachishe baba.

Badala yake ampate mfamasia ampe vidonge vya kutafuna vya magneziamu na aluminiamu, ambavyo hufanya kazi ile ile bila mzigo huo wa chumvi. Mwenye ugonjwa wa figo asivitumie kabla ya kuongea na daktari. Vilevile, anayetumia dawa za kufubaza VVU zenye dolutegraviri azimeze saa mbili kabla ya vidonge hivi au saa sita baada yake, kwa sababu vikikutana tumboni huizuia dolutegraviri isiingie mwilini ipasavyo.

Mimi ni dereva wa bodaboda. Nakula mlo mkubwa mmoja saa nne usiku, nalala saa tano, na saa saba kiungulia kinaniamsha. Nikinywa maziwa napata nafuu, kisha kinarudi. Nifanye nini? (Sakina, Arusha)

Umejieleza vizuri kiasi kwamba jibu limo ndani ya swali lako. Tumbo lililojaa ugali na nyama choma saa nne bado limejaa saa tano, na ukijilaza, tindikali haihitaji tena kupanda mlima, inatiririka tu. Acha saa tatu zipite kati ya kula na kulala. Kwa kuwa kazi yako haikupi nafasi ya kurudi nyumbani mapema, hamishia mlo mkubwa mchana hapo hapo kijiweni, na usiku ule kidogo. Maziwa hufunika moto kwa muda mfupi, lakini protini na mafuta yake huliamsha tumbo litoe tindikali zaidi, na ndiyo maana kiungulia kinakurudia.

Usiongeze mito kichwani, kwa kuwa hukunja tumbo na kulibana. Weka tofali moja moja chini ya miguu miwili ya kitanda upande wa kichwani, ili kitanda kizima kiinuke sentimita 15 hadi 20, na ulalie ubavu wa kushoto. Sigara hulegeza kile kilango. Pombe pia, na mbege isikudanganye kwa kuwa imetengenezwa kwa ndizi na ulezi. Kuhusu pilipili, kahawa na nyanya, sina amri moja kwa watu wote: angalia ni kipi kinachokuchoma wewe, ukiache hicho.

Nimetumia omeprazoli kwa miaka mitatu. Nanunua vidonge vichache vichache duka la dawa, nikiacha tu hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Mgongo pia unanisumbua, natumia diklofenaki. (Usa River)

Barua hii ndiyo iliyonisikitisha zaidi, kwa sababu wenye hali kama yako ni wengi. Omeprazoli ni dawa nzuri. Humezwa asubuhi nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, kwa kuwa huzima mitambo ya tumbo inayotoa tindikali wakati mitambo hiyo inapojiandaa kwa chakula. Ukiimeza baada ya kushiba, unapoteza sehemu kubwa ya faida yake. Kwa kiungulia cha kawaida dozi ni ya wiki nne hadi nane. Kuimeza leo na kuacha kesho hakuponyi, na kuimeza miaka mingi bila daktari huweza kupunguza vitamini B12 na magneziamu mwilini. Hali unayoiona ukiacha ni tumbo kuzalisha tindikali kwa nguvu baada ya kuzuiwa muda mrefu. Hupita baada ya wiki chache, na daktari anaweza kukupunguzia dozi hatua kwa hatua.

Ila jambo zito zaidi ni diklofenaki. Dawa hiyo, pamoja na ibuprofeni na aspirini, huondoa kinga ya ute wa tumbo na kuleta vidonda, hivyo kwa mkono mmoja unajenga na kwa mwingine unabomoa. Nenda ukapimwe pia bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye Barry Marshall na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua na kuonyesha anavyosababisha vidonda vya tumbo. Akiwepo, hutibiwa kwa antibayotiki pamoja na omeprazoli kwa siku 14. Kipimo cha choo kinahitaji uwe umeacha omeprazoli kwa wiki mbili, vinginevyo kinaweza kusema huna ilhali unaye. Mweleze daktari hilo mwenyewe, usingoje aulize.

Mimi ni mwalimu, mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF). Daktari aliniandikia dawa ya kiungulia, dirishani nikaambiwa bima haiilipii. Je, nimekatwa fedha bure? Na mama yangu wa Marangu naweza kumwingiza? (Njiro, Arusha)

Angalia jina lililoandikwa kwenye cheti. Mara nyingi panakuwa pameandikwa jina la biashara la kiwanda fulani, au esomeprazoli, ambayo ni ndugu wa karibu kabisa wa omeprazoli. Mfuko hulipia dawa zilizomo katika orodha yake, na omeprazoli imo katika Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu. Rudi kwa daktari umwombe kwa heshima aandike omeprazoli kwa jina lake halisi. Kwa wagonjwa wengi matokeo hayatofautiani. Kama dawa imo kwenye orodha lakini imeisha hospitalini, omba fomu ya kuichukulia kwenye famasi iliyosajiliwa na Mfuko, usikimbilie kutoa fedha mfukoni. Dawa unayojinunulia bila cheti hairudishiwi fedha, na hapo ndipo wanachama wengi wanapolipa mara mbili: makato ya mshahara, kisha vidonge vya dukani.

Kuhusu mama, ndiyo. Mtumishi wa umma huchangia pamoja na mwajiri asilimia 6 ya mshahara, nusu kwa nusu, na bima humhudumia yeye, mwenza wake na wategemezi hadi wanne, wakiwemo wazazi. Kadi yake itafanya kazi huko huko Moshi katika vituo vilivyosajiliwa.

Nina mimba ya miezi saba, kiungulia hakiniachi. Wanasema mtoto ana nywele nyingi. (Majengo, Moshi)

Homoni za ujauzito hulegeza kilango cha umio, na mtoto anayekua hulisukuma tumbo juu. Kula kidogo kidogo, usifunge kanga kwa kubana, na magadi usiyaguse. Vidonge vya kalsiamu vya kutafuna vinafaa, mradi uvitenganishe kwa saa mbili na vile vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki. Kiungulia kikiambatana na kuumwa kichwa sana, kuona ukungu au maumivu chini ya mbavu za kulia, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda ni kifafa cha mimba kinachokuja.

Mama yangu, miaka 58, ana kiungulia cha muda mrefu. Tangu Pasaka nyama inamkwama, sasa hata ugali anausukuma kwa maji, na amekonda. Hupenda chai ya moto sana. Tumpe dawa gani? (Machame)

Msimpe dawa yoyote ya dukani, mpelekeni hospitali wiki hii. Chakula kukwama na kukonda si kiungulia tena. Kilimanjaro imo katika ukanda wa Afrika Mashariki ambako saratani ya umio hutokea kwa wingi, na tangu mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi joto 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani hiyo. Si lazima iwe ndiyo. Wakati mwingine umio huwa umepungua upana kutokana na makovu ya tindikali, na hospitali huweza kuupanua. Kinachotenganisha hayo mawili ni kipimo cha mpira wenye kamera unaoshushwa kooni, na hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, wanacho. Anzieni kituo kilicho karibu nanyi mpate rufaa ili bima, kama anayo, ilipie kipimo. Mkifika, msianze kwa kusema mama ana kiungulia. Anzeni kwa kusema chakula kinamkwama tangu Pasaka. Na leo jioni, chai yake ipoe kwanza.