Wale wa kijivu Singidani si wagonjwa

Mkuu, umeuliza kwa nini pale Ziwa Singidani, katikati ya korongo wa pinki (flamingo), kuna wengine wa kijivu kama wamemwagiwa majivu, na kama ni ugonjwa. Si ugonjwa. Ni watoto.

Nimekulia Singida mjini, sasa nipo Dodoma kikazi. Utotoni tulikuwa tunashuka Ziwa Kindai kuwakimbiza, makusudi waruke, maana mbawa zikifunguka ndipo unaona ule wekundu na weusi wanaouficha wakisimama. Wale wa kijivu tuliwaita vibarua. Tuliamini ni ndege wengine kabisa, wamekuja kuwatumikia wenye rangi.

Kumbe heroe (ndilo jina lake hasa, ukorongo tunamsingizia) hazaliwi na pinki, anaila. Heroe mdogo (hilo ni jina la aina, si mtoto), yule mwenye mdomo mweusi-mwekundu, anakula mwani mdogo sana unaoyapa maji ya magadi ule ukijani. Ndiyo spirulina hiyohiyo inayouzwa madukani kama unga wa lishe. Ndani yake mna rangi ya jamii ya ile ya karoti, inaingia mwilini hadi kwenye manyoya. Mtoto anahitaji miaka kadhaa ya kula ndipo akolee.

Mwangalie akila. Kichwa anakipindua juu chini, taya la juu linakuwa chini, ulimi unavuta maji na kuyasukuma nje kama pampu, na vijinywele vya mdomoni vinachuja kama chujio la chai. Heroe mkubwa, ile aina nyingine, anapekua tope zaidi, anatafuta vijidudu.

Na kuna siku ziwani hukuti hata mmoja: hawana kwao pale. Mvua ikizidi magadi yanazimuliwa, mwani unapungua, basi usiku wanaruka, asubuhi unakuta ziwa tupu. Kutaga wengi huenda Ziwa Natron, huko kaskazini. Kila jozi inajenga kichuguu cha tope, yai moja tu juu yake, na maji yale makali yanamzuia fisi asifike. Baba na mama wote wanamlisha kinda maziwa mekundu yanayotoka kooni. Ndiyo, baba naye.

Halafu lile goti linalokunjika kinyumenyume si goti, ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limejificha juu kwenye manyoya. Shemeji yangu alinibishia nusu saa nzima, mpaka alipoletwa kuku wa kienyeji wa kuchinjwa, nikamshika mguu nikamkunjia pale pale.