Kuuza nyumba yenye mkopo bila dalali

SWALI: Ninataka kuuza nyumba yangu mwenyewe ili nisilipe ada ya dalali. Jirani ameniletea mtu anayeihitaji, naye yuko tayari kutoa malipo ya awali wiki hii ilimradi nimpe nakala ya hati. Benki bado inanidai sehemu ya mkopo nilionunulia nyumba hiyo. Je, niendelee bila dalali, na fedha hizo nizipokee?

JIBU: Kuuza bila dalali kunawezekana kabisa, na kwa kuwa mnunuzi amekwisha kujitokeza, kazi kubwa anayolipwa dalali, yaani kutangaza, kupokea watazamaji na kuwachuja wasio na nia, haikuhusu tena. Fedha, hata hivyo, usizipokee wiki hii. Kilichobaki ni kazi ya wakili, na ada yake nisingekushauri uikwepe.

Nyumba iliyowekwa rehani, yaani iliyotolewa kuwa dhamana ya mkopo, ni yako, lakini huwezi kumhamishia mnunuzi umiliki usio na dosari mpaka benki iondoe rehani yake kwa msajili wa hati. Kwa hiyo anza kwa kuiandikia benki, ukiomba taarifa ya maandishi yenye kiasi kamili cha kumaliza deni katika tarehe utakayoitaja. Usitegemee salio lililomo kwenye taarifa ya mkopo ya mwezi uliopita, kwa sababu halina riba iliyoongezeka tangu hapo, wala gharama za kuondoa rehani, wala tozo ya kulipa kabla ya muda ambayo baadhi ya mikataba ya mkopo huiweka. Omba pia utajiwe riba ya kila siku, ili mauzo yakichelewa ujue deni limefikia wapi. Iwapo bei mliyokubaliana haitoshi kulipa deni, kodi na gharama zilizo upande wako, ni heri ulijue hilo kabla ya kusaini.

Kuhusu bei yenyewe nitasema machache. Mlipe mthamini aliyesajiliwa, kwani bei za kwenye matangazo ni matumaini ya wauzaji, si fedha ambazo wanunuzi walizitoa. Mnunuzi akikopa, benki yake nayo itataka tathmini, na ikiwa chini ya bei mliyoafikiana, huenda mkopo ukapunguzwa na mazungumzo yakaanza upya.

Malipo ya awali yana mahali pake, napo ni ndani ya mkataba ulioandikwa. Mara nyingi huwa asilimia 10 ya bei, ingawa kwangu mimi kiwango si muhimu kuliko suala la nani azishike fedha hizo. Zikae katika akaunti ya wateja ya wakili, yaani anamotunza fedha za wateja mbali na zake mwenyewe, na mkataba useme waziwazi lini zinarudishwa na lini hazirudishwi, kwa mfano: "Mkopo wa mnunuzi usipoidhinishwa kwa maandishi kufikia tarehe iliyotajwa, mkataba huu utakoma na malipo ya awali yatarudishwa; mnunuzi akijitoa kwa sababu nyingine yoyote, yatabaki kwa muuzaji." Pasipo mpango wa namna hiyo, mnunuzi aliyenyimwa mkopo atadai fedha zake, wewe utakuwa umekwisha kuzitumia, na hapo ndipo kesi nyingi huanzia. Ikiwa una mmiliki mwenza, au sheria inataka ridhaa ya mwenzi wa ndoa, saini yake ipatikane siku hiyohiyo mnaposaini mkataba.

Nakala ya hati usimpe mtu usiyemfahamu. Ina jina lako, namba ya usajili na wakati mwingine saini, navyo vyatosha kwa mtu anayetaka kughushi. Kwa kawaida namba ya hati humtosha mnunuzi wa kweli kufanya upekuzi, yaani kukagua kumbukumbu za umiliki kwa msajili, ambako ataiona na rehani yenyewe. Nakala ipitie kwa wakili wako kwenda kwa wakili wake. Vilevile, akituma fedha kuzidi mlichokubaliana kisha akaomba ziada irudishwe haraka, usirudishe chochote mpaka benki yako ithibitishe kwamba malipo yamekamilika. Picha ya risiti iliyotumwa kwa simu si uthibitisho.

Kasoro unazozijua zieleze kwa maandishi. Dari inayovuja ikipakwa rangi siku chache kabla ya ukaguzi, doa litarudi mvua ikinyesha, na katika nchi nyingi mnunuzi anaweza kudai fidia kwa kuficha huko hata baada ya kuhamia.

Liko jambo moja ambalo hukuliuliza. Kama uliwahi kusaini makubaliano na dalali kuhusu nyumba hii, yatafute uyasome, hata kama muda wake umekwisha. Baadhi yake humpa dalali haki ya ada kwa mnunuzi yeyote aliyeletwa naye, ikiwa mauzo yatafanyika ndani ya miezi kadhaa baada ya makubaliano kumalizika. Muulize jirani yako, kabla ya kumjibu mnunuzi, mtu huyo alisikia habari za nyumba hii kwa nani.