Barua zenu: Mheshimiwa katununulia kamera, sasa anataka na maiki

SWALI: Bwana asifiwe mama. Mimi ni kijana wa kitengo cha mitambo kanisani kwetu huku Nakuru, sisi ndo turushao ibada laivu kila Jumapili. Juzi mheshimiwa mmoja alikuja na msafara wake, akatoa pesa ya kamera na spika, watu wakapiga vigelegele, halafu akapewa maiki akaanza siasa, anawataja wapinzani wake kwa majina kabisa, mi nikakata matangazo nikaweka wimbo wa kwaya. Sasa wazee wamekasirika wanasema nimemdharau kiongozi na Biblia inasema tutii mamlaka, na eti anarudi hivi karibuni na mara hii nisiguse kitu. Vijana kwa grupu la WhatsApp wananiita shujaa lakini mi naona tu nitatolewa kwa mitambo. Je, nilikosea? Na akirudi nifanyeje? – Fundi Mitambo, Nakuru

JIBU: Amina mwanangu. Kukata ilikuwa sawa, shida ni kwamba ulikata peke yako bila uamuzi wa mtu yeyote nyuma yako na hapo ndo wazee wamekupatia.

Hao wazee nawaelewa, wamekulia kwa harambee, shule nyingi na zahanati na makanisa tunayosalia yalijengwa hivyo na mgeni akitoa lazima asalimie watu, ni adabu yetu. Lakini kamera imebadilisha kitu na nadhani hakuna aliyewaeleza. Zamani mwanasiasa akiropoka madhabahuni maneno yanabaki kwa waliokuwepo, na mzee mmoja mkali anaweza kusimama akamwambia mheshimiwa hapo umepitiliza. Siku hizi hao wapambe wake hawajaja ibada, wamekuja kutafuta klipu, nusu dakika hivi, mheshimiwa ameshika maiki, msalaba uko nyuma yake, kwaya na majoho yao, jioni iko TikTok na wimbo wa kampeni chini yake. Mahubiri hakuna atakayeyaona. Kanisa lenu limeshampigia kampeni na hamkuwahi kukaa kikao kuamua. Na kama watoto wa Sunday school walipangwa mbele kumwimbia basi wamo kwa hiyo klipu, na sheria ya kulinda data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kabla ya kutumia data ya mtoto. Nani aliwauliza wazazi?

Hiyo ya kutii mamlaka wanaitoa Warumi 13. Paulo pale anasema mwenye kodi alipwe kodi, mwenye heshima apewe heshima. Sasa mheshimiwa si mlimpokea mlangoni, mkampa kiti, mkamwombea? Hiyo ndo heshima, sijaona mahali Paulo anasema apewe na dakika ishirini kabla ya baraka. Wakimaliza Warumi wafungue Yakobo sura ya pili, kuna mtu pale anaingia na pete ya dhahabu anakalishwa pazuri huku maskini anaambiwa simama kule, na Yakobo hakufurahishwa hata kidogo.

Na usidhani umeanzisha kitu kipya. Septemba 2021 kule Butere, siku ya kumweka wakfu Askofu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuwa askofu wa dayosisi ndani ya Anglikana Kenya, Raila Odinga na Musalia Mudavadi walikuwepo na Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit akasema wanasiasa karibuni kusali lakini mimbari si yenu. Haya, ikaja 2024, vijana wakaandamana kupinga mswada wa fedha, Juni 25 wakaingia bungeni, na wengi walikuwa wanauliza kanisa liko wapi. Julai Rais Ruto akapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee, Novemba yeye mwenyewe akatoa mamilioni kanisa Katoliki la Soweto Nairobi, na kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Katoliki Nairobi akasema pesa zirudishwe. Machi 2025 tena, Rais akatoa shilingi milioni 20 kwa kanisa la Jesus Winner kule Roysambu, Nairobi, vijana wakatoka barabarani Jumapili iliyofuata na polisi wakawarushia vitoa machozi, fikiria hiyo, vitoa machozi karibu na kanisa sababu ya sadaka!

Sisemi pesa ya mwanasiasa ni haramu, naye ni mtu na ana dhambi kama sisi, aweke kwa kikapu kama mama muuza mboga na jina lake lisisomwe. Hizo kamera zikiwa na masharti rudisheni, zikiwa hazina basi iandikwe kwa kumbukumbu za kikao kwamba hazina.

Kabla hajarudi mwombe mchungaji nafasi kwa kikao cha wazee, usiende kugombana, nenda na karatasi moja tu: mchungaji ndiye atatoa salamu kwa niaba ya wageni wote, maiki ni ya waliopangwa kwa ibada, na laivu inaisha baraka ikitolewa. Hiyo ya mwisho ndo itakuokoa manake akitaka kuongea ataongea nje chini ya mti, na wewe utakuwa umeshazima kwa amri ya kikao. Fanyeni sasa, uchaguzi ni Agosti 10, 2027, tukikaribia hapo kila Jumapili mtakuwa na msafara getini. Na hao wenzako wa grupu waulize swali moja, akija yule mwanasiasa kijana wanayempenda wao, naye mtamkatia? Nataka kujua watajibu nini.

SWALI: Mama, mchungaji wetu anaweka namba yake mwenyewe ya M-Pesa kwa skrini ya sadaka, anasema Paybill, ile namba ya malipo ya kanisa, ina makato. Ni sawa? – Msharika, Thika

JIBU: Si sawa, hata kama ni mtakatifu. Namba ya kanisa taarifa yake inaonwa na mhazini na wenzake, taarifa ya namba yake ataiona yeye na mkewe tu. Hayo makato mtalipa. Mwulizeni kwa upole, mbele ya mhazini, na mpaka ijibiwe peleka sadaka yako mkononi kwa bahasha iandikwe kwa kitabu.