Crusader Kings III: Ndugu zako hawakukuibia

Barua za Crusader Kings III, mchezo wa kompyuta wa kuongoza ukoo wa watawala wa zama za kati kizazi hadi kizazi, zimejaa tena, na tena nyingi ni za urithi. Naanza na huko ili tumalizane nalo.

Mfalme wangu kafa, nimeendelea na mwanawe wa kwanza, nakuta nusu ya nchi imechukuliwa na wadogo zake na mmoja ni mfalme kamili, hanitii. Wenzangu wananicheka. Hitilafu hii itarekebishwa lini? (Arusha)

Haitarekebishwa kwa sababu si hitilafu. Unaanza mchezo na sheria ya mgawanyo, ile ya chini kabisa, na sheria hiyo haigawi tu ulichonacho. Ukiwa umeteka ardhi ya kutosha kuunda ufalme wa pili, siku ukifa mchezo unauunda wenyewe na kumvika taji mtoto wa pili. Taji lake linalingana na lako, kwa hiyo hana sababu ya kukutii.

Dirisha la urithi linakuonyesha, mfalme angali hai, nani atachukua nini. Lifungueni! Nimeshaliandika hili hadi aibu naona mimi. Mpe mdogo ardhi mapema, maana itahesabiwa kwenye fungu lake, kisha wewe ubaki na zile kaunti za makao makuu. Ukiwa mkuu wa ukoo unaweza pia kumnyima mtoto urithi kwa kulipa hadhi ya ukoo, ila hadhi hiyo inajengwa kwa miaka mingi, usiitapanye kwa hasira. Mgawanyo wenye nafuu unahitaji ugunduzi wa utamaduni wako, na kurithi mzaliwa wa kwanza peke yake kunasubiri zama za mwisho za mchezo, kuanzia 1200. Aliyeanza 867 asiniulize kwa nini bado.

Tunacheza pamoja mtandaoni. Lazima sote tununue nyongeza zote za mchezo? (Nakuru)

Hapana. Za mwenyeji, yaani anayefungua mchezo, zinawatosha wote mezani, mradi toleo la mchezo ni moja.

Nina muungano na rafiki yangu, tumeozeshana watoto. Kamuua mrithi wangu kwa njama. Sheria inasemaje? (Mombasa)

Sheria ya mchezo haisemi kitu. Muungano unamzuia kukutangazia vita, basi. Haumzuii kula njama, na hata ukimwita vitani anaweza kukataa akapoteza heshima tu. Mkuu wako wa ujasusi alikuwa akifanya kazi gani? Kama ulimtuma kutafuta siri za watu badala ya kuvuruga njama, mlango uliuacha wazi mwenyewe.

Lakini najua unachotaka: nikwambie rafiki yako kafanya ubaya. Mlikubaliana nini kabla ya kuanza? Hamkukubaliana chochote, kama wengi wanaoniandikia. Kuna sheria ambazo programu inazisimamia na kuna mapatano ya wachezaji, na haya ya pili hakuna wa kuyasimamia ila ninyi. Andikeni mapema: wachezaji kuuana ruksa au marufuku, vita kati yenu vinaanza mwaka gani, kasi ipi wakati wa vita, na mtu akikatika mtandao mnamsubiri au mnaendelea. Anayesema "sisi marafiki, hatuhitaji kuandika" ndiye atakayekuwa wa kwanza kulalamika. Kwa maoni yangu marufuku ya njama ni uoga. Ukiitaka, cheza mchezo mwingine. Ila kama mmeiandika, iheshimuni.

Nacheza na malkia. Nimemwozesha kwa mfalme jirani, watoto watarithi falme zote mbili, sivyo? (Mwanza)

Wanaweza, lakini watakuwa wa ukoo wa baba. Malkia akifa bila mrithi wa ukoo wake, mchezo wako umekwisha na wenzako wanaendelea. Ungechagua ndoa ya kukeni, ambayo watoto wanafuata ukoo wa mama. Mfalme jirani asingekubali, najua, ndiyo maana malkia huolewa na mtoto wa tatu wa mtu.

Naweza kuanza na Kilwa? (Dar es Salaam)

Huwezi. Ramani inakatwa Pembe ya Afrika. Wahabeshi wamo, sisi hatumo. Mwanzo mmojawapo wa mchezo ni 1066, na msikiti wa Kizimkazi pale Unguja una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Ibn Battuta alifika Kilwa 1331 akamkuta sultani na akausifu mji. Yote hayo yako ndani ya miaka ya mchezo. Wachoraji wa ramani waliishiwa karatasi, nadhani. Wapo wanaotengeneza ramani zao na kuziongeza, lakini tahadhari: mezani kila mmoja awe na ileile, la sivyo hamtaunganishwa.

Mchezo unaisha mwaka gani? (Kigoma)

1453. Nitajieni meza iliyofika bila mtu kununa.