Serikali italipa ada, saa za usukani utazidai mwenyewe

Haipiti wiki mbili sijapigiwa simu na kijana wa huku kwetu Kigoma na Tabora. Wa Gungu, wa Ujiji, wa Uvinza, juzi mmoja wa Kaliua. Salamu, habari za safari, halafu swali lenyewe: "Kaka, zile nafasi za kusomea magari makubwa zinazolipiwa na serikali, mtu anazipataje?" Namjibu, lakini kwenye simu huwa tunaishia kwenye fomu na barua, na jambo ninaloliona mimi kuwa zito kuliko yote linabaki halijasemwa. Kupata nafasi ni kazi, sikatai. Ila nina wenzangu waliopata nafasi, wakamaliza, wakapewa cheti, na hadi leo hakuna tajiri anayethubutu kuwakabidhi ufunguo, kwa sababu chuoni walishinda kwenye benchi wakisubiri zamu.

Nilikuwa utingo wa Fuso kwa miaka minne. Tulipakia dagaa Kibirizi, tunapita Kasulu na Kibondo hadi Kahama, na kurudi tunabeba mchele au chochote kilichopatikana. Najua kulala juu ya turubai, najua kufunga kamba, najua kubadili tairi gizani na tochi mdomoni. Leseni ya daraja D nilikuwa nayo, nimeikata kwa akiba yangu baada ya kujifunzia gari dogo. Sikujua wakati ule kwamba hiyo D ndiyo itakayonifungulia mlango. Lori na tela ni daraja E, na E hairukiwi. Unaipandia kutoka D ambayo imeshakaa. Tangazo la ufadhili lilipobandikwa, vijana wengi wenye hamu kama yangu walirudishwa pale pale mezani kwa sababu hawakuwa na leseni yoyote. Kwa hiyo kama una miaka ishirini na unaiota Scania, anza na D mwaka huu, hata kama hakuna tangazo lolote linalosikika.

Kuna jambo linachanganya watu sana huku. Mtu akisikia "hela ya serikali kwa vijana" anakimbilia asilimia 10 ya halmashauri. Ile ni nzuri, lakini ni mkopo. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Haina riba, inakwenda kwa vikundi vyenye mradi, na inarejeshwa. Haikukusudiwa kumlipia mtu mmoja ada ya udereva. Namfahamu kijana aliyeingia kwenye kikundi akidhani ndiyo njia ya kufika chuoni, na leo anadaiwa marejesho ya mradi wa kuku ambao hakuwahi hata kuuelewa.

Ufadhili ni kitu kingine. Serikali inakilipa chuo, wewe unasoma. Ipo Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, ambayo hugharamia mafunzo ya ufundi kwa vijana. Fani hutangazwa kwa awamu, kwa hiyo soma tangazo lote uone kama udereva wa magari makubwa umo au haumo, na sifa wanazotaka ni zipi. Matangazo hubandikwa ofisi za kata na halmashauri, na pale VETA, chuo cha ufundi cha serikali, iwe ya Kigoma au ya Tabora. Mzoee afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Mwamkie, mwachie namba yako, mwambie unachotafuta. Mimi taarifa ilinifikia kwa njia hiyo, mama yule alinikumbuka. Na kwa kuwa fedha haipiti mkononi mwako, mtu yeyote anayekupigia akitaka umtumie chochote ili "jina lipite", ujue huyo ni tapeli.

Makaratasi yanawaangusha wengi kuliko sifa. Cheti changu cha darasa la saba kimeandikwa Shabani. Kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, kimeandikwa Shaban. Herufi moja. Nilikuwa nimeishi na hiyo herufi miaka yote bila kunisumbua, na siku ya kupeleka fomu, zimebaki siku tatu dirisha lifungwe, nikaambiwa hawa ni watu wawili. Nilitoka pale mikono inatetemeka. Nikatafuta wakili mjini, nikaapa hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni yangu, nikairudisha siku ya mwisho jasho linanitoka. Toa vyeti vyako leo, uviweke mezani kimoja pembeni ya kingine: cha kuzaliwa, cha shule, NIDA, leseni. Soma herufi kwa herufi. Kama kuna tofauti, ishughulikie sasa wakati huna haraka. Barua ya mtendaji nayo iombe mapema, maana kuna siku utamkuta ofisini na kuna siku utaambiwa yuko kwenye kikao.

Kuhusu hela nitasema kwa ufupi. Ada ikilipwa, bado kuna nauli ya kwenda mkoa mwingine, chumba, chakula, na watu wako uliowaacha nyumbani. Mke wangu alibaki na meza ya dagaa pale Kibirizi na tulikubaliana kabla sijapanda basi kwamba kwa kipindi chote hicho sitatuma hata senti. Kama hamjakaa mkazungumza hivyo, wiki ya tatu utaanza kutafuta vibarua mchana, na hapo mafunzo yanakufa.

Sasa nije kwenye lile lililonikalisha kuandika.

Tulikuwa kumi na wanane darasani na lori la kujifunzia moja. Wengine walijilipia, wachache tulikuwa wa ufadhili. Jina la chuo sitalitaja. Wiki ya kwanza ilikuwa alama za barabarani na sheria, sawa. Wiki ya pili tukaanza kupanda gari, na nikaona kitu. Waliojilipia walikuwa wakiita: "Mwalimu, zamu yangu!" Sisi wa serikali tulikaa kimya kwenye kivuli cha mwembe. Hakuna aliyetukataza. Tulijizuia wenyewe. Mtu ukila cha bure huoni aibu kuuliza mboga iko wapi? Ndivyo tulivyokuwa. Siku moja mwalimu mmoja alisema, bila ubaya naamini, "Nyie wa serikali mna haraka gani?" Wote tukacheka. Mimi nilicheka pia, halafu usiku sikulala.

Kesho yake nilinunua daftari dogo la mistari. Nikachora safu tatu: tarehe, dakika, nilichofanya. Kila nikishuka kwenye gari naandika. Mstari wa kwanza: dakika 11, kuondoka na kusimama. Wa pili: dakika 9. Siku iliyofuata sifuri. Baada ya siku kumi nikajumlisha nikapata dakika 70. Saa moja na dakika kumi, na mtu anatarajia nikabidhiwe gari la mamilioni na roho za watu barabarani.

Nikawaonyesha wenzangu wa ufadhili. Dada mmoja wa Kasulu, mwanamke pekee katika kundi letu, akaniambia yake haifiki hata 50. Tukaenda kwa mkuu wa chuo watu wanne, kwa heshima, na daftari mkononi. Hatukumlalamikia mtu. Tulimwambia tu, shikamoo mzee, hizi ndizo dakika zetu, tunaomba muda zaidi, hata alfajiri. Alilisoma daftari lile ukurasa kwa ukurasa. Kuanzia Jumatatu tukapewa gari saa 12 asubuhi hadi saa 2, kabla darasa halijaanza. Nina hakika tungekwenda na malalamiko ya mdomo tungejibiwa "tutaliangalia". Dakika zilizoandikwa ni vigumu kuzikwepa.

Na kama moyo unakusuta kudai, ujue fedha ile si sadaka ya mtu. Waajiri nchini hutozwa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, na sehemu yake ndiyo inayoendesha mafunzo ya ufundi. Imelipwa ili nchi ipate dereva. Ukitoka bila kujua kuendesha, fedha ile imepotea na wewe umepotea nayo.

Asubuhi zile ndizo zilizonifanya dereva. Nitaeleza moja. Mwalimu alipanga mapipa manne, akaacha upenyo wa kuingiza tela kinyumenyume. Ukikata usukani kulia, tela inakwenda kushoto. Kichwani unalijua, mikono inakataa. Mara ya kwanza nikasikia ule mlio wa pipa likiburuzwa kwenye changarawe. Mara ya pili vile vile. Mwalimu akapanda ngazi ya mlango, akanishika kiganja akakishusha hadi chini kabisa ya usukani. "Shika hapa. Unataka mkia uende kulia, peleka mkono kulia. Kidogo kidogo. Ikianza kukunja usipambane nayo, songa mbele, nyoosha, anza upya." Basi. Mkono chini, macho kwenye vioo, unapeleka mkono kule unakotaka mkia uende. Haikuwa siku hiyo wala iliyofuata, lakini asubuhi ya sita tela iliingia katikati ya mapipa kama droo inavyoingia kwenye kabati, nikazima injini nikakaa kimya. Hicho kitu hukipati kwa dakika 9.

Kwa ndugu zangu matingo nina neno la peke yenu. Tunaingia chuoni tukidhani tunajua, na kweli tunajua mengi, lakini tumebeba pia makosa ya mabosi wetu. Bosi wangu alikuwa akishuka mteremko anatoa gia, gari linateleza nyutro, eti anaokoa dizeli. Miaka minne niliona ni ujanja. Chuoni ndipo nilipoelewa kwamba lori lenye mzigo likiwa nyutro halishikwi tena na injini, kazi yote inabaki kwa breki, na breki zikikanyagwa mfululizo zinapata moto hadi zinaacha kushika. Unashuka kwa gia ambayo ungepandia, injini ikinguruma, mguu unagusa breki na kuachia. Nilipofika Sekenke kwa mara ya kwanza nikiwa mimi ndiye dereva, mzigo mgongoni, niliweka gia nzito nikiwa bado juu, kabla mteremko haujaanza. Magari yalinipita. Yapite tu.

Na usidharau yale ya darasani. Mambo ya uzito wa ekseli, yaani uzito unaobebwa na kila mhimili wa magurudumu, niliyaona kama hesabu za shule, hadi nilipokutana na mizani. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia 2019, lori na mzigo wake havipaswi kuzidi tani 56, na hata ukiwa chini ya hapo, mzigo ukilalia ekseli moja unapigwa faini. Ukijua kupanga mzigo, tajiri anakuona mtu wa maana siku ya kwanza tu.

Ukimaliza, cheti cha chuo si leseni. Bado kuna mtihani wa polisi wa usalama barabarani, kisha malipo TRA, mamlaka ya mapato: leseni ni shilingi 70,000 na inadumu miaka 5. Hiyo 70,000 iweke kando kabla hujaondoka nyumbani na usiiguse hata njaa ikukute. Nimeona watu wamefaulu wamekaa miezi bila leseni kwa kukosa kiasi hicho. Ukipata nafuu, ongeza pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana kutoka hapa mizigo mingi inatazama Burundi na Kongo, na tajiri akihitaji dereva wa kesho hatasubiri karatasi zako.

Mdogo wangu ameingia chuo mwezi uliopita, kwa ufadhili kama mimi. Nilimsindikiza hadi stendi, nikampa shuka, tochi na daftari la mistari ambalo nilikuwa nimeshalichora safu tatu. Juzi usiku amenitumia picha ya ukurasa wa kwanza. Mstari wa mwisho ameandika: dakika 25, rivasi, pipa moja nimeligusa.