Kabla hujanunua hiyo dawa ya kusafisha tumbo

Nawaandikia hasa wanawake wenzangu tunaoketi madukani Biashara Street hapa Mombasa tangu asubuhi hadi magharibi. Mambo ya tumbo tunaambiana kwa kunong'onezana tu, na anayenong'onezwa huishia kununua kopo la kwanza analoonyeshwa. Mimi nilifanya hivyo. Karibu mwaka mzima nilikuwa nafunga choo: siku tatu, nne, mara nyingine tano, tumbo limewambwa kama ngoma, na nikienda msalani natoka na jasho na maumivu.

Ilianza baada ya uzazi. Damu yangu ilipungua, nikaandikiwa vidonge vya madini ya chuma. Vidonge hivyo hufunga choo watu wengi na kukifanya cheusi, lakini sikuelezwa, nami sikuuliza. Juu yake weka kuketi kutwa, mahamri na chai asubuhi, wali mchana. Na maji nilikuwa nayakwepa makusudi, kwa sababu choo kilicho karibu na duka ni cha kulipia na kina foleni.

Shoga yangu akaniletea kopo la vidonge vya kusafisha utumbo, shilingi 2,500. Wiki ya kwanza nilimwombea dua. Nikaendesha, tumbo likawa jepesi. Wiki ya tatu kidonge kimoja hakitoshi, nikameza viwili, kisha vitatu. Ikaingia Ramadhani, na joto la kaskazi bado halijaondoka. Siku moja nilikuwa namkunjia mteja leso zake, midomo imenikauka kabisa, kizunguzungu kikanishika nikashikilia meza. Ikabidi nifungue kabla ya magharibi. Nililia siku hiyo.

Kesho yake nikampelekea mfamasia lile kopo. Akaligeuza, akaweka kidole kwenye maandishi madogo ya nyuma: senna. "Dada, hii si sanamaki?"

Sanamaki! Bibi yangu alikuwa akituchemshia tulipokuwa wadogo, kikombe kimoja, halafu anaifunga kwenye kitambaa chake na hatuioni tena kwa miezi. Alijua ni dawa ya kuendesha, si kitu cha kula kila siku. Kazi yake ni kuushtua utumbo usukume, na ukiizidisha inakutoa maji na chumvi za mwilini. Mimi nilikuwa naimeza kila usiku, kisha nafunga saumu juani, nikiamini ni lishe.

Jambo jingine alilonionyesha kwenye lile kopo: sentensi inayosema bidhaa hii haikusudiwi kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote. Makopo mengi ya kutoka Marekani yanayo, kwa sababu ya sheria yao ya mwaka 1994. Aliyeniuzia alisema inatibu bawasiri, vidonda vya tumbo na sukari. Kopo lenyewe lilikuwa linamkana.

Nikaenda kwa daktari, akanibadilishia dozi ya vidonge vya chuma. Tafadhali usiviache mwenyewe, damu si jambo la kuchezea. Kisha akanishauri isabgol. Wahindi wetu wa Mombasa wanaijua tangu zamani, na kwenye makopo utaona imeandikwa psyllium. Ni maganda ya mbegu ndogo zinazolimwa sana Gujarat na Rajasthan, meupe, mepesi kama pumba.

Siku ya kwanza niliikosea. Niliikoroga kwa maji kidogo kama uji mzito, nikahisi imekwama kifuani. Niliogopa sana. Ukitaka kujua kwa nini, tia kijiko kimoja cha chai kwenye glasi ya maji uiache dakika chache: yale maganda hunywa maji, hufura, na glasi inakuwa ute mzito unaotikisika. Ndivyo inavyofanya tumboni, inashika maji na kukilainisha choo. Ikikosa maji, inaweza kuziba koo au utumbo. Kwa hiyo kijiko kimoja, glasi nzima, koroga unywe papo hapo, kisha glasi ya pili ya maji matupu. Mwenye shida ya kumeza asiiguse. Wiki ya kwanza gesi itakusumbua, usiongeze haraka. Choo chaweza kuchukua siku moja hadi tatu. Na iachanishe na dawa nyingine kwa saa mbili hivi: mimi chuma naimeza asubuhi, isabgol baada ya isha. Ramadhani naiweka baada ya tarawehe, kwa kuwa wakati wa daku hakuna nafasi ya kunywa maji yote hayo.

Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na kijiko hicho hakifiki hata robo yake. Zilizobaki nazipata kwenye mbaazi, mchicha, papai, na unga wa ubuyu halisi, si zile mabuyu za rangi na sukari.

Kuhusu vidonge vya probiotiki, yaani bakteria hai, nitasema moja tu. Soma kopo linataka kuhifadhiwa kwenye joto gani. Mengi yanasema lisizidi nyuzi 25, nasi hapa mchana tunapita 30. Yaliyoanikwa juani kando ya njia usiyatolee pesa.

Na ukiona damu kwenye choo, unakonda bila sababu, unatapika, maumivu yanakuamsha usiku, au choo kimebadilika ghafla na hakirudi, usinunue kitu chochote, si sanamaki, si isabgol. Nenda hospitali. Na kama kuna kopo umeshaanza kulitumia, litie kwenye mkoba uende nalo, daktari asome mwenyewe.